Filimbi ya Mfunga Msafara

Jumamosi, asubuhi

Kwa dada yangu mpendwa,

Habari za tangu jana? Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima, ila nimelowa hadi soksi. Nakuandikia kwa simu kutoka kituo cha mafuta, kwenye mapumziko ya kwanza ya msafara wetu wa baiskeli.

Mvua inatupiga usoni tangu tulipotoka mjini. Tunachangia wodi ya watoto wachanga, na wodi siinung'unikii. Ninayemnung'unikia ni mkurugenzi wetu. Alinivika filimbi shingoni akasema, "Wewe karani utafunga msafara. Usimpite mtu. Atakayeshindwa, mpulizie apande pikapu, na hakuna kubishana na filimbi." Kisha akalitazama koti la mvua ulilonishonea kwa kitambaa cha meza, lile la mananasi. "Meza tumeiona, viti viko wapi?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, unajua bado sijathibitishwa kazini.

Sasa anayeburura mkia ni yeye mwenyewe. Alijigamba redioni kwamba atafika kwa pedali zake, na wenzetu wametuacha mbali. Nifanye nini?

Akupendaye,
Mdogo wako

Jumamosi, asubuhi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na mgongo unauma vilevile. Hapa nina mteja nyuma ya pazia, hana suruali, anasubiri zipu, nawe unaniuliza ufanye nini. Filimbi si unayo? Huyo bosi wako anatetemeka? Anaongea sawasawa? Nijibu hayo, mananasi yaache.

Dada yako

Jumamosi, mchana

Kwa dada yangu mpendwa,

Habari za mchana? Natumaini zipu imepatikana na mteja amesitirika.

Anatetemeka, ndiyo. Kwenye mlima alishuka akaikokota baiskeli. Nami nikashuka, nikakokota nyuma yake, maana nimekatazwa kumpita mtu. Nikamwambia kwa adabu, "Mkurugenzi, hali ya hewa si nzuri." Akanijibu, "Karani, lile faili umelipeleka?" Faili gani, dada? Tuko katikati ya matope! Dereva wa pikapu anatufuata akipiga honi. "Jamani, huu ni msafara au mazishi?"

Filimbi nimeitia mdomoni mara kadhaa, imejaa mate tu. Barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake, haijasainiwa. Nikimwaibisha, ataisaini?

Sasa ameketi kando ya barabara kufunga kamba za kiatu. Vidole havimtii.

Akupendaye,
Mdogo wako

Jumamosi, mchana

Wewe!

Mtu vidole havimtii, anaulizia faili barabarani, nawe unaniulizia zipu? Baridi imeshamwingia huyo! Barua husainiwa na mtu aliye hai. Puliza! Na ukianza tena na "natumaini", nakufuata huko na mkasi.

Dada yako

Jumamosi, alasiri

Vipi? Nimejichoma sindano kwa ajili yako, na suruali ya watu nimeishona mfuko ukazibwa. Umepuliza au hukupuliza?

Dada yako

Jumamosi, jioni

Nimepuliza. Alinitazama kama hanijui. Nikapuliza tena, hata dereva akazima injini. Nikamwambia, "Panda gari." Sikusema mkurugenzi, sikusema tafadhali. Akauliza, "Unajua unaongea na nani?" Nikasema, "Na mtu anayetetemeka. Panda."

Tulimbeba, mimi na dereva. Tukamvua shati lililolowa, nikamfunika koti lako. Dereva amenipigia kutoka zahanati: amepata joto, anaongea vizuri, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kanivisha kitambaa cha meza?"

Ya Jumatatu siyajui. Bado nimo barabarani, mvua haijakata, na wa mwisho sasa ni mimi. Nimesimama kurudisha mnyororo tu.

Mdogo wako

Jumamosi, jioni

Mdogo wangu,

Leo hata salamu hakuna? Mimi sijambo, mgongo hivyo hivyo, ahsante kwa kuuliza. Mteja ameondoka na mfuko mmoja.

Kanyaga, ufike. Jumatatu ukiingia ofisini kwake usianze kujitetea. Mwambie dada anataka koti lake.

Dada yako