Chekeshi Amejifunza Poka

Mdogo wangu wa pekee,

Nimefurahi kusikia mafua yamekuachia. Mimi goti linanisumbua, lakini ngazi bado napanda bila kushikwa mkono.

Unamkumbuka Chekeshi, mchekeshaji wa kikundi chetu cha maigizo? Tulipokuwa tukisafiri kwa treni mji hadi mji, tulicheza poka, ule mchezo wa karata wa kudanganyana, kwa vifungo vya mavazi ya jukwaani. Chekeshi akipata karata nzuri tu, kicheko kinamtoka, nasi sote tunatupa zetu. Hakushinda hata siku moja, na hakuna aliyependwa kama yeye.

Siku hizi ni mheshimiwa. Jumapili alikuja peke yake, akavua viatu, tukacheza kama zamani. Alinishinda kila raundi, uso umetulia kama maji ya mtungi. Nikamuuliza, "Ukumbi wetu wa maigizo wanaubomoa kweli?"

"Nani kakwambia, dada? Labda nife kwanza," akasema, huku anachanganya karata.

Nilimtazama vizuri usoni, nisione kitu, nikaamini. Jumatano tingatinga likaingia kwa mlango wa wasanii.

Nilisimama ng'ambo ya barabara hadi vumbi likatua, kisha nikaomba ubao mmoja wa jukwaa. Seremala ananitengenezea meza. Nimemkataza asiupige randa, maana alama za visigino vyetu bado zimo. Njoo likizo hii uzione.

Ni mimi, dada yako mwenye goti bovu.