Kikohozi cha Moulin ya Lweba

Jumatatu, 3 Juni 2024

Miaka mitatu tangu wamuue Déogratias, kaka yangu, kwenye mihogo ya Lweba, na pikipiki yake ikapotea. Miaka mitatu! Kila nikienda kwa mwendesha mashtaka naambiwa: uchunguzi unaendelea, mama. Unaendelea wapi? Faili la kaka yangu wanawekea vikombe vya chai.

Basi leo nimempeleka Guy kwa Goreth. Guy ni yule kijana wa Bukavu mwenye podikasti ya watu waliouawa bila muuaji kukamatwa. Goreth ni mkimbizi wa Burundi. Alitoka kambini Lusenda, sasa analima Lweba, amepanga chumba nyuma ya moulin ya Mama Suzanne, ile mashine ya kusaga mihogo. Ndiye aliyeona. Siku ile alimwona Norbert, rais wa chama cha wenye pikipiki, akiisukuma pikipiki ya Déo kuiingiza katikati ya mihogo, shati limejaa damu. Polisi hawakumwuliza Goreth hata jina.

Guy ameapa: sauti tutaibadilisha, hata aliyemzaa hatamjua. Goreth ameongea mpaka akalia. Mimi sikulia. Nina hasira tu.

Alhamisi, 6 Juni

Imetoka. Mji mzima wa Baraka unasikiliza! Kwa Arlette msusi, sokoni kwenye samaki, kila simu. Sauti ya Goreth imekuwa nzito kama ya mwanaume. Norbert hakutajwa, wamesema "kiongozi mmoja wa wenye pikipiki" — nani hamjui? Nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi. Akose usingizi naye.

Ijumaa, 7 Juni

Mjinga! Mjinga! Mjinga!

Arlette ndiye aliyenishtua, kitana mkononi: "Dada Clarisse, hii haiko moulin ya Lweba?" Nikarudisha kipindi mwanzo, nikasikiliza mlio. Tu-tu-tu-tu, halafu kile kikohozi, kimya kidogo, halafu tena. Ni yenyewe.

Kuanzia Mboko mpaka hapa kila mwanamke anajua mashine kwa mlio wake. Lazima! Tukiwa shambani tunatega sikio: ikinguruma, basi mafuta yamepatikana, tunatupa jembe tunabeba mihogo. Ya Mama Suzanne inakohoa. Hakuna nyingine inayokohoa hivyo. Na nyuma yake kuna chumba kimoja tu.

Nimempigia Guy. Eti ile ni ambiance, sauti za mazingira tu. Ambiance! Tena aliipandisha sauti ili ifungue kipindi, kwa sababu wasikilizaji wake wa Ulaya wanapenda kusikia kijiji.

"We Guy, ulishaka saga mihogo hata siku moja? Umeficha muntu, halafu umeonyesha batu nyumba yake!"

Akasema ataiondoa. Ataondoa nini? Iko kwenye simu za watu wote. Aje aitoe masikioni mwao.

Jumapili, 9 Juni

Norbert kanisani, shati jeupe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili: pole, dada, nilisikia ile kitu, Mungu anaona. Halafu, kana kwamba limemjia tu: eti ile moulin ya Lweba ingali inafanya kazi?

Nilitamani kumzaba kofi mbele ya padri.

Jumatatu, 10 Juni

Lweba. Nimekuja asubuhi kumchukua Goreth. Hataki!

"Nilikimbia Burundi. Sasa nikimbie tena, niache mihogo yangu? Ule aliua, yeye akimbie."

Nimemfokea. Naye kanifokea. Tuko chumbani kwake, ninaandika.

Norbert amefika! Namwona kutoka mlangoni hapa, kupitia pazia. Kabeba beseni la mihogo mikavu. Mwanaume mwenye mke na mabinti nyumbani — tangu lini anapeleka mihogo kusaga? Amekaa kwenye benchi katikati ya wamama. Anawasalimia mmoja mmoja, anawatazama usoni. Anataka kuona nani atashtuka.

Mama Suzanne amezima mashine. Anasema mafuta yamekwisha. Uongo. Bidoni ya mafuta imejaa, naiona.

Hakuna anayeitikia salamu. Hata mmoja! Hapa kwetu hata adui huitikiwa. Wamama wote wanamkodolea macho. Norbert anacheka kidogo, anapangusa magoti. Haondoki.

Nimempigia kamanda wa polisi. Anasema atakuja akipata pikipiki. Pikipiki! Nimekaribia kuitupa simu ukutani.

Goreth ameinuka. Anajifunga kitenge upya, polepole. Nimemwambia: kaa chini, wewe! Hanisikii.

"Dada, acha kuandika. Washa telefone, rekodi. Moulin imezimika. Leo batasikia sauti yangu mimi, na jina yangu."