Chai Uliyonituma Kuleta Kisimani Ikutha

Mheshimiwa Shemeji,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa tangu uhamie Malili hupokei simu zangu.

Bila shaka unakikumbuka kisanduku kinachoendesha pampu ya kisima chetu. Kila kilipogoma, ulikuja na kompyuta yako, ukaunganisha waya kwenye bodi ya umeme iliyo ndani yake, nami nikashika mfuniko na skrubu. Kisha, kila mara katika hatua ile ile, ulinigeukia: "Shemeji, hebu tuletee chai." Nami, mtu mzima mwenye watoto watatu, nilikwenda. Niliporudi na birika, pampu ilikuwa inanguruma. Nilipoomba kufundishwa, uliwachekesha akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi: "Hii si pancha ya baiskeli, shemeji."

Mwezi uliopita kiligoma tena. Punda walisimama na madebe matupu siku tatu. Nilikupigia kwa simu ya jirani. Ukauliza, "Umeita fundi au umeita shemeji? Kama ni fundi, ngoja. Kama ni shemeji, wasalimie." Ukakata.

Ndipo nilipoketi na kitabu cha maelezo ya bodi, kamusi, na kompyuta ya kuazima shuleni. Niliandika namba kwenye kumbukumbu ya bodi, pale inapohifadhi inachoambiwa. Nilipoisoma tena, nikakuta takataka. Programu niliyopakia ilisambaratika kabla ya kuanza. Siku ya tatu nikafahamu: ukiingia kwa waya, kumbukumbu ile huwa bado imelala. Sharti kwanza ielezwe ukubwa wake na mwendo wake, ndipo ishike chochote. Nikayaandika maelezo hayo. Namba yangu ikarudi kama nilivyoiweka, programu ikashika, na pampu ikanguruma.

Mistari kumi na miwili, Shemeji. Ndiyo uliyoificha nyuma ya chai yangu miaka minne.

Naomba kukuarifu kwamba nimeibandika ndani ya mlango wa kisanduku, kwa herufi kubwa. Mama Mwende, mwenyekiti wa mwethya, ameshaipakia mara mbili kwa mikono yake. Nakala nimeipeleka Mbumbuni, kwenye kisima chenye kisanduku kama chetu, walikokuwa wakikungoja wiki ijayo. Usijisumbue kufunga safari.

Dada yangu msalimie kwa upendo. Yeye hana kosa. Lakini wewe ukija Krismasi, kisanduku kitafunguliwa mbele yako, na katika hatua ile ile nitakugeukia, akina mama wote wakitazama. Birika utalikuta mlangoni.

Ni mimi,
shemeji yako, tena fundi.