Wananiamkia Babu, na Mimi ni Mama wa Watoto Wawili

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana jambo hili nimelifunga moyoni mpaka hamu ya kula imeniisha, na mume wangu nikimweleza anacheka tu. Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye zahanati, chumba changu kina dirisha moja, makabati mawili ya mafaili na kompyuta moja, na kwenye kompyuta hiyo kuna programu ya kuandikisha watoto wa chanjo, programu ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, hawajuani kwa sura, wanaandikiana tu kwenye kundi la simu. Miaka minne iliyopita umeme ukikatika programu ilikuwa inameza majina ya watoto, nikachoka kuandika upya, nikaanza kujifunza mwenyewe kidogo kidogo mchana wagonjwa wakipungua, mpaka nikaweza kuitengeneza, nikaomba kuingia kundini. Picha niliyoweka ni ya saa ya ukutani, jina niliweka herufi mbili tu, na kwa kuwa najibu taratibu bila kugombana na mtu wakanibatiza Babu. Nikasema kesho nitawasahihisha. Kesho hiyo mpaka leo haijafika, mshauri, wanaume wenye mvi zao wananiandikia "Babu, shikamoo," nami naitikia marahaba bila haya.

Sikufichi, raha yake niliiona. Kule Babu akisema jambo linafanyika, wakati hapa kazini fundi akija kutazama kompyuta ananipita mimi na kumuuliza mlinzi ina tatizo gani. Basi nikakaa na ubabu wangu.

Mwezi uliopita aliingia binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, kwa jina lake na sura yake, akasema programu ina kosa kubwa, inamtambua mtoto kwa jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mapacha inawahesabu mtu mmoja, wa pili anafutika na hakuna atakayemkumbuka siku ya chanjo, na akatuma marekebisho aliyoyaandika mwenyewe. Mmoja akamjibu, "Dada, umekosea mlango, kundi la malezi liko jirani." Wengine wakaangua vicheko, na mimi, mshauri, Mungu anisamehe, nikaweka kicheko changu chini ya vyao, maana niliona nikimtetea watanishtukia. Na alikuwa sahihi kabisa. Kosa lile mimi nalijua tangu mwanzo, mapacha wa zahanati yetu nawaandika kwenye daftari pembeni, sikuwahi kulisema kundini kwa sababu niliogopa nikianza habari za mama na mapacha watauliza Babu kayajulia wapi. Baada ya wiki moja nikayachukua marekebisho yake, nikayaweka kwa jina langu. Wakasema, "Babu ni Babu bwana!"

Juzi binti kaniandikia pembeni, "Babu, shikamoo. Nimeona umeyaweka, kwa hiyo hayakuwa mabaya. Lakini nadhani hapa si mahali pangu. Mwisho wa mwezi nabadilisha kozi, nataka tu kujua kama wewe unaona nakosea." Sijamjibu.

Sasa kundi limeandaa mkutano wa kuonana ana kwa ana, Jumamosi ya wiki ijayo, na Babu ndiye atakayetangazwa fundi mkuu wa programu. Nimemwomba shemeji, mdogo wa mume wangu, aende badala yangu, yeye anauza viatu lakini ana ndevu na maneno mengi, wiki nzima namfundisha, nikimuuliza kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, ni nini anasema, "Shemeji, hilo wakiniuliza nitakohoa." Je, nimtume hivyo hivyo, au nijitoe kundini kimya kimya yaishe?

Mimi, Babu asiye na mvi

*

Babu, shikamoo. Nimeanza na heshima kwa kuwa ndiyo uliyoizoea. Imekwisha, sasa tuzungumze.

Kujificha kwako sikulaumu sana. Anayepitwa mezani pake mwenyewe akaulizwa mlinzi, akipata mahali anaposikilizwa atapang'ang'ania. Kompyuta za zamani zile za kujaza chumba kizima, wanawake walikuwemo katika kuziandikia programu, na bado watu walipoona picha zao walidhani ni warembo waliosimamishwa pale kupamba mashine. Kwa hiyo hukuanza wewe kusahauliwa, na pole yangu unayo.

Lakini mwanangu, pole ina mpaka. Umeniuliza habari za mkutano. Binti yule hukuniuliza, umemtaja kama anayepita njia, na yeye ndiye barua nzima. Kicheko ulichokikimbia miaka minne ulimwekea mwenzako siku ya kwanza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Kisha kazi yake ukaivaa wewe. Wale wanaume walimdharau bila kujua, wewe ulijua.

Na daftari lako la pembeni limenisumbua kuliko ndevu za shemeji. Kwenu mapacha wanalo daftari. Zahanati nyingine zinazotumia programu hiyo hiyo, nani aliwaandika? Ulinyamaza ili usijulikane, na watoto wakabaki nje ya orodha. Unaona sasa kwa nini wanawake wanatakiwa humo kundini wakiwa wanawake? Wewe kosa lile ulilijua kwa sababu unakaa na wale mama kila siku, na hicho ndicho ulichokuwa unakificha.

Shemeji abaki na viatu vyake. Njia ya mwongo fupi, na ya kwake itaishia kwenye kikohozi cha kwanza. Kujitoa kimya kimya nako nakukatalia, maana utaondoka na jasho la mtu.

Leo hii ingia kundini ueleze kwamba marekebisho ya mapacha ni ya binti yule, utaje jina lake kamili, na hapo yalipo kwenye programu ulifute lako uliandike lake. Ukishamaliza sema wewe ni nani. Usijieleze sana, hukuua mtu. Jumamosi nenda kwa miguu yako, na kama binti atakubali, nenda naye. Watacheka, ndiyo. Watacheka siku mbili, ya tatu programu itagoma na watakutafuta.

Ila kabla ya hayo yote kuna mtu anasubiri jibu, na mwezi haumsubiri yeye. Usimwandikie nasaha ndefu, utamchosha, na usimwombe msamaha wa kurasa tatu ili wewe ujisikie vizuri. Chukua simu umwandikie hivi: "Mdogo wangu, ulikuwa sahihi, kazi ile ni yako, na mimi ni mwanamke." Halafu itume.