Nimemzimia Taa Mjusi wa Mpwa Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, ila kwanza naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ni la mjusi na mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane.

Kazi yangu ni kuoka mikate, naingia jioni natoka alfajiri, na tangu ndoa yangu ivunjike mwaka jana dada yangu mkubwa amenipokea kwake, nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili vya kulala, kwa hiyo chumba cha mpwa wangu wa kike wa miaka kumi na mmoja tunakitumia kwa zamu, yeye usiku, mimi mchana akiwa shule, kitanda ni hicho hicho kimoja, na kila akiamka ananitandikia shuka safi bila kutumwa na mtu.

Sasa humo chumbani kuna mjusi wake wa kufuga, mkubwa, anakaa kwenye sanduku la kioo, na shemeji alimpa jina la Waziri kwa vile anashinda juu ya jiwe kidevu juu na hakuna kazi anayofanya. Waziri ana taa yake ya joto inayotakiwa iwake kutwa, na taa hiyo mshauri ni kali sana, mimi nimetoka kwenye tanuri nataka giza, naingia chumbani nakuta tanuri jingine, na yeye ananikodolea jicho moja bila kupepesa, nikajifunika nikatoka jasho, nikageukia ukutani wapi, mwisho nikasinzia kazini nikaunguza trei kumi na mbili za mikate na msimamizi akaniambia ikirudia nisije tena. Asubuhi hiyo nikaizima taa. Nililala kama gogo, na saa tisa na nusu, kabla binti hajarudi, nikaiwasha. Basi ikawa ndiyo desturi, miezi mitatu.

Waziri akaanza kususa chakula, rangi ikafifia, tumbo likavimba. Shemeji akadhani balbu ni mbovu, akanunua nyingine, na mimi ndiye niliyemshikia kiti alipokuwa anaifunga. Daktari wa mifugo akataka kujua mnyama anashindaje mchana, na mpwa wangu akaniletea daftari. "Mjomba, wewe ndiye unashinda naye," akaniambia. "Niandikie tu saa ngapi kaota joto, saa ngapi kalala. Hata mwandiko ukiwa mbaya si neno."

Nikaandika mshauri. Wiki mbili nzima nimeandika mambo ambayo hayakutokea, saa nne yuko juu ya jiwe anaota joto, saa saba kajinyoosha chini ya taa, na mwandiko niliutengeneza. Daktari akasoma akasema kama joto analipata basi ugonjwa uko ndani, akaagiza sindano, mpwa wangu ndiye anayemshika akichomwa, na sasa daktari amesema ikifika Ijumaa bado hajala, ni heri achomwe ya mwisho apumzike. Juzi nikiwa mlangoni nafunga kamba za viatu nilimsikia binti jikoni akimwambia mama yake, "Labda mimi ndiye sijui kufuga. Mchana kwa mjomba anakaa vizuri, akibaki na mimi ndiyo anaumwa." Nikatoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo taa siizimi, lakini Waziri bado hali chakula. Nikisema, dada atanitoa na sina pa kwenda. Nisiposema, Ijumaa hiyo inakuja. Naona aibu, na uso wa kumtazama yule mtoto sina. Nifanyeje?

Mimi, Mwoka Mikate


Mwoka Mikate, marahaba. Nilicheka kidogo kwenye uwaziri. Nilipofika kwenye daftari nikaacha.

Kuchoka si kosa. Anayekesha kwenye tanuri ana haki ya giza, na ungesema siku ile ya kwanza, "Dada, taa hii inanishinda," sanduku lingekuwa sebuleni kabla ya chakula cha mchana. Lakini ulijiona mgeni, ukaona haya kuomba, ukaamua kuchukua kimyakimya. Ajabu ni kwamba haya hizo hazikukuzuia kumdanganya daktari, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hapa umeficha wewe, na wa kufa ni mwingine.

Nimeomba gazetini barua yako itangulie nyingine zote ili usome jibu Jumatano. Ukimaliza kusoma, mpigie daktari, wewe mwenyewe, usimtume dada. Mwambie taa ilizimwa saa ngapi hadi saa ngapi, kwa miezi mingapi, na kwamba daftari lote ni uongo. Mjusi asipopata joto chakula hakisagiki tumboni, hivyo huenda hizo sindano hazina kazi, lakini aamue yeye aliyesomea.

Jioni hiyo hiyo, kabla hujaenda kazini, mkalishe mpwa wako na mama yake awepo. Usianze na tanuri, usianze na trei, na msimamizi usimtaje kabisa. Anza na "Nilizima mimi." Kisha beba sanduku ulipeleke sebuleni, au wewe uhamie kwenye kochi na kitambaa machoni, watakavyoamua wenye nyumba. Dada akikutoa, toka kwa adabu. Lakini mtu aliyekupokea na ndoa yako iliyovunjika nadhani atafoka siku tatu, ya nne akuulize umekula nini.

Waziri anaweza kupona na anaweza asipone, hilo siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba usiku huu kuna mtoto atalala akiamini mikono yake ndiyo inayoua. Msamaha usimwombe siku hiyo hiyo, utakuwa unamtwisha mzigo mwingine. Akikuchukia, mwache akuchukie. Sasa hivi anajichukia yeye.