Nani Alikuwa Ndani ya Deraya ya Baba?

Bremen, 11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila jua la Jumapili limembabua Femke pua na sasa anatoka ngozi. Wewe u mzima? Nauliza kwa dhati, siulizi kwa mazoea.

Mjukuu wako alilifurahia gulio la maigizo ya kale pale ngomeni. Alikula soseji mbili, akapuliza pembe la ng'ombe mpaka muuzaji akamwomba basi. Lakini mimi tangu turudi sina raha. Yule aliyepigana ndani ya deraya yako hakuwa wewe.

Usicheke. Mwaka wa kumi na tisa huu nakutazama ukiigiza shujaa katika uwanja ule. Wewe humzunguka mtu, humchosha, ndipo unapiga. Huyu alishusha upanga kama anaua nyoka. Femke alipiga kelele, "Babu! Babu, mmalize!" na ile kofia ya chuma haikugeuka hata kidogo. Akaingia hemani mwako. Baadaye ukatoka wewe, shati safi, shingo kavu. Mtu aliyebeba kilo ishirini na tano za chuma juani! Nyuma yako akatoka rafiki yako Ottmar, mwekundu, nywele zimelowa. Nikamwuliza, "Vipi, Bwana Ottmar, umetoka kuogelea?" Akasema, "Nilikuwa nachanja kuni, bibie." Kuni zipi, Baba? Moto wa kambi yenu ulikuwa haujawashwa.

Na mbona ulibana mikono kwapani muda wote? Hata Femke hukumbeba.

Mwanao,
Wiebke

Falkenrode, 16 Juni

Mwanangu Wiebke,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, na nyanya zimeanza kuiva. Mpake Femke mafuta puani.

Una macho ya askari wa forodha. Niliyepigana ni mimi. Nilijifuta kwa taulo kabla ya kutoka, basi. Mtu akifika miaka sabini na mmoja hubadilisha mapigo. Na Ottmar hata akikaa kitini hutoka jasho.

Usije tarehe ishirini na moja kama tulivyopanga. Nina wageni. Wala usipige simu, masikio yananisumbua.

Baba yako,
Gerold

Bremen, 22 Juni

Baba,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi, kwa kuwa nina hasira na hofu kwa pamoja.

Barua yako imepigwa chapa. Tangu Mama afariki umeniandikia kila mwezi kwa mkono, hata ulipovunjika mguu. Safari hii hata jina lako limechapwa! Na "macho ya askari wa forodha" si maneno yako. Aliyefanya kazi forodhani ni Ottmar.

Nimepiga simu mara tatu, na mara tatu kapokea yeye. "Mzee yuko bustanini, bibie." Bustanini, na mvua naisikia inavyopiga madirisha yenu?

Amehamia? Ana funguo? Amekupa karatasi yoyote utie sahihi? Mtu anavaa deraya yako, anaandika barua zako, anapokea simu yako. Kesho ataniambia yeye ndiye baba yangu.

Sisubiri jibu. Jumamosi kikundi chenu cha maigizo kinapigana huko Ahlbruch. Nakuja.

Mwanao,
Wiebke

Falkenrode, 1 Julai

Mwanangu,

Marahaba ya kwenye barua, maana Jumamosi hukuniamkia.

Nisamehe kwa mwandiko. Ukurasa huu umenichukua siku mbili. Mkono ulianza kutetemeka wakati wa baridi, na daktari anasema hautaacha, utazidi. Mwezi wa tatu upanga ulinidondoka mazoezini, nusura umkate mtu mguu. Nikamwomba Ottmar avae badala yangu. Nikamwomba aniandikie. Nikamwomba akudanganye. Hakupenda hata moja kati ya hayo.

Ulimwuguza mama yako miaka mitatu. Uliacha kazi, ukakonda, ndoa yako ikayumba, nami nikiangalia. Nikaapa kwamba mimi sitakuwa wa pili.

Nawe umeruka kamba ya uwanja mbele ya watu mia nne, ukamvua Ottmar kofia, ukapiga kelele, "Mwizi!" Nilikuwa nimeketi nyuma ya hema. Nilisikia. Kikundi kimemfukuza kwa kupigana kwa jina la mwingine, yeye aliyekaa nao miaka ishirini na sita. Tangu siku hiyo hajaja, wala hapokei simu. Nami sina mwingine wa kunifunga vifungo vya shati.

Baba yako

Bremen, 7 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umelalaje? Umekula nini?

Jana nilikwenda kwa Ottmar. Nilipita mtaani kwenu bila kusimama. Sikuwa na uso wa kukutazama kabla sijamwona yeye.

Alifungua mlango. Nikasema, "Nimekukosea, Bwana Ottmar, tena mbele ya watu."

Akasema, "Ile kofia ilifungwa kamba kidevuni, bibie. Kidogo uning'oe kichwa."

"Nisamehe."

"Bado," akasema. Akanitazama mpaka nikaona aibu ya kusimama pale. "Lakini mzee hajanyolewa wiki nzima. Ingia nikuonyeshe, maana wembe wake una namna yake."

Akaketi mwenyewe, akapaka povu, akanipa wembe. Huyu niliyemwita mwizi alinyoosha shingo yake mbele yangu. Baba, mkono uliotetemeka ulikuwa wangu.

Nimekiandikia kikundi kwamba kosa la kelele ni langu. Hawajajibu, na huenda wasimrudishe. Hilo nitalibeba.

Yeye atakuja kwako kesho, kama zamani. Mimi na Femke tutakuja Jumapili na kuondoka Jumatatu. Siachi kazi, kwa hiyo usianze kuhofu. Ila usinilinde tena kwa uongo. Siku ikiwa mbaya, niambie ni mbaya. Nikichoka, nitakuambia nimechoka. Kuchoka nakuweza. Kukushuku wewe kulinishinda.

Mwanao,
Wiebke