Karatasi za Njugu

Mjukuu wangu Awori,

Huku Kwapa hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, na mtama tumevuna. Unauliza kwa nini nakuomba riwaya ya lile jumba la mzuka, ilhali nimekusimulia tangu ukiwa mdogo. Sikuisoma kamwe, mjukuu wangu. Niliona mchezo wake wa kuigiza tu, shuleni Tororo.

Mwalimu aliyeutayarisha aliniazima kitabu chenyewe. Wanajeshi walipoanza kuwasaka walimu, akakimbilia Kenya. Maduka yetu yalikuwa matupu, karatasi hakuna. Nikakichana kitabu nifungie njugu, nikavuka mpaka kuziuza Busia ya Kenya. Nilijiambia, hadithi si naijua?

Siku moja mteja alikunjua karatasi akaanza kuisoma, njugu zikimwagika. Alikuwa yule mwalimu wangu, amekonda. Nilitamani ardhi inimeze.

“Lakini ulikimaliza kwanza?” akauliza.

“Ndiyo, mwalimu.” Nikamweleza jinsi mzuka ulivyovuliwa shuka, kumbe ni mpishi.

Akaikunja ile karatasi polepole, akaitia mfukoni.

“Mwisho huo niliutunga mimi,” akasema, “kwa ajili ya jukwaa.”

Nitumie kitabu, mama. Nina deni la kukisoma.

Bibi yako